Gari la Milima, Keki ya Ghorofa Tatu

Shughuli yote ilinigharimu shilingi laki saba na elfu arobaini na tisa, keki ikiwa ndani. Nimehesabu mara mbili, na mara ya pili nilianzia chini nikipanda juu, kwa sababu pesa ikihesabiwa kutoka upande mmoja tu hujificha. Gari lenyewe laki sita na elfu sabini. Bima na kubadilisha umiliki, elfu arobaini na moja. Rejeta mpya pamoja na mkono wa fundi, elfu ishirini na nane. Fundi wa kwanza kulikagua, elfu tatu. Fundi wa pili, elfu mbili na mia tano, na huyo nitamwelezea mbele, kwa sababu mpaka leo ananiwasha. Keki, elfu nne na mia tano. Mwenye gari alikuwa ameanzia laki saba na nusu. Kwa hivyo ukijumlisha kila kitu bado niko chini ya bei yake ya kwanza kwa shilingi elfu moja. Hiyo elfu moja ndiyo ninayojivunia. Zile zingine ni matumizi.

Mimi huuza vitu vya nyumba zilizobomolewa: milango, madirisha, mabati, masinki. Yadi yangu iko Ruiru. Mtu akija kununua mlango hutikisa bawaba, hugonga mbao, hunusa kama kuna mchwa, na mimi husimama kando nikimwangalia anavyotafuta kosa. Ni shule nzuri. Mke wangu naye ni mama keki. Huoka nyumbani, keki za harusi, na kila Jumamosi tunazipeleka, kuanzia makanisa ya hapa mjini mpaka yale ya juu ya Thika ambako lami huisha bila kuaga. Karo ya watoto wetu wawili hutoka kwenye keki. Milango hulipa kodi ya nyumba na chakula, na kuna miezi hailipi.

Sasa elewa keki ya harusi ni biashara ya namna gani. Bwana harusi akichelewa kupata suti ataazima ya shemeji. Keki isipofika, watu mia tatu wanaangalia meza yenye kitambaa cheupe na hakuna kitu juu. Hakuna kuirudia Jumapili. Na kwa vile nusu ya hao mia tatu wana binti wa kuozwa, jina la mama keki huisha siku moja, kwenye hema moja.

Stesheni wagon yetu ya kijivu ilikuwa imebeba keki hizo miaka tisa bila kukataa kuwaka hata asubuhi moja. Unaweka mafuta, inaenda. Sina kingine cha kusema juu yake, na hapo ndipo tatizo langu lilipokuwa. Miaka tisa sikuwahi kuiegesha, nikafunga mlango, kisha nikageuka kuitazama tena.

Lile lingine nililitazama mara tatu kabla hata sijajua ni la nani. Lilikuwa limeegeshwa Thika, kando ya barabara ya Eneo la Viwanda, siku niliyoenda kuchukua mabati ya ghala lililoangushwa. Gari la milima, fupi, milango miwili, kijani cha parachichi, gurudumu la akiba limebebwa mgongoni kama mtoto. Ni yale magari ambayo magurudumu yote manne huvuta kwa pamoja. Kwenye kioo palikuwa na karatasi: linauzwa. Nilipiga simu nikiwa nimesimama hapo hapo, nikajifanya sina haja nalo sana.

Niliporudi Ruiru nikatangaza pale yadi kwamba nafikiria kulinunua. Hiyo ni njia ya bure ya kujua magonjwa ya gari.

“Mdosi, hizo huchemka kama chai ya matanga,” akasema kijana wa bodaboda.

“Spea zake utatafuta mpaka uote mvi,” akasema mwenye duka la rangi.

“Hupinduka kwenye kona,” akasema kinyozi. “Shemeji yangu alikuwa nalo.”

“Lilipinduka?”

“Hapana. Aliliuza.”

“Kwa nini?”

“Alikuwa anaoa.”

Nikaanza kuchuja, kama ninavyochuja misumari. Maneno ya watu waliosikia tu, kando. Maneno ya watu waliowahi kuingiza mkono mfukoni kulitengeneza, hayo nikayaweka upande wangu. Yakabaki mawili: joto, na spea. Kupinduka hakukuwa na shahidi. Na mambo mawili, kwa gari linalokufanya ugeuke kulitazama, si mengi. Nimewahi kununua milango yenye kasoro nne na nikaiuza kwa faida.

Mke wangu alinisikiliza akiwa anapiga mayai.

“Linabeba nini?”

“Keki. Tena mpaka kule juu tulikokwama Aprili.”

“Tulikwama mara moja, na vijana wa kanisa wakasukuma.”

“Ukiwa na matope mpaka kwa goti.”

“Matope yalikuwa kwangu. Keki ilifika safi.” Akaweka uma wa kupigia mayai chini. “Baba watoto, sema ukweli. Unataka kagari ka kuchezea.”

“Nataka,” nikasema. Kuna bei ambazo ukibishana unapoteza muda.

“Sawa. Umefanya kazi, uchezee. Lakini tuko na pesa ya gari moja. Stesheni ikienda, imeenda. Sasa sikiza. Kagari kakinilaza njiani na keki Jumamosi moja, moja tu, nitakauza mimi mwenyewe. Na yeyote atakayekuja, nitachukua bei yake ya kwanza.”

Ya kulazwa njiani ningeweza kuivumilia. Hiyo ya bei ya kwanza ilininyima usingizi.

Nikatafuta fundi. Watu wa Thika walinielekeza kwa mmoja wa mtaa wa Landless, mtu wa kutoka magharibi, mwenye karakana ya mabati na kiti kimoja cha wageni. Nilimpeleka asubuhi mapema, gari likiwa bado baridi, kwa sababu muuzaji anayelipasha moto kabla hujafika ana jambo anaficha. Fundi akagusa boneti, akaridhika. Akafungua kifuniko cha rejeta, akanusa, akaingiza kidole, akakitazama kwenye mwanga. Akaliwasha, akasikiliza akiwa ameegemea kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

“Mkubwa, injini ni mzima kabisa,” akasema. “Lakini figo imechoka. Figo ikichoka, mwili wote unavimba.” Akaipiga rejeta kofi dogo. “Weka figo mpya. Baada ya hapo hili gari litakuzika wewe, si wewe ulizike.”

Nilifurahi, nikalipa elfu tatu zake, na nilipofika kwenye stesheni wagon furaha ikaanza kuingia shaka. Fundi ni wa Thika, gari ni la Thika. Nitajuaje kwamba muuzaji hajamnunulia soda? Mimi mwenyewe nimewahi kuwanunulia soda mafundi seremala wanaoletwa kukagua milango yangu. Nikaamua kupata fundi wa pili, wa mbali, asiyejuana na huyo. Nikamchukua yule wa Ruiru aliyekuwa akiihudumia stesheni yetu miaka yote. Sikumwambia kwamba kuna mwingine alitangulia.

Alilizunguka gari, akalala chini yake, akatoka. Akasema anajibu simu, akaenda nyuma ya ukuta, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa na uso wa daktari.

“Boss, injini ni mzima kabisa. Lakini figo imechoka. Figo ikichoka…”

“…mwili wote unavimba,” nikamalizia.

Akanitazama. “Kumbe unajua magari!”

“Hiyo figo umeitoa wapi?”

Akacheka, akajikuna shingo kwa spana. “Haiya, sasa boss, si nikwambie tu ukweli. Haya mafupi mimi si mtu wao. Kutoka Thika mpaka Ruiru, hata uende karakana gani, yakiingia tunampigia jamaa mmoja tu. Yuko hapo Landless. Mimi nilikuwa namweleza ninachoona, yeye ananiambia ni nini.”

“Kwa hivyo nimeyaleta macho yako kutoka Ruiru yaje yaone kile ambacho macho ya Landless yalishaona?”

“Lakini tumekubaliana, boss. Si hiyo ni poa? Mafundi wawili, jibu moja!”

“Na elfu mbili na nusu nakulipia nini?”

“Simu.”

“Simu gani ya elfu mbili na nusu?”

“Tuliongea sana.”

Nikalipa. Nilicheka peke yangu kwenye usukani mpaka nilipofika Witeithie, na hapo kicheko kikaisha, kwa sababu niliona kile nilichokuwa nimenunua kwa hizo pesa. Sikuwa nimenunua jibu la pili. Nilikuwa nimenunua habari kwamba barabara nzima, pamoja na mafundi wake wote na mabango yao, ina mtu mmoja anayelijua gari hili. Rejeta hubadilishwa. Huyo habadilishwi. Nikaegesha kando nikampigia.

“Fundi, wewe huenda nyumbani lini?”

“Kwetu? Desemba, mkubwa. Kila mwaka. Nikishika basi, hunioni mpaka shule zifunguliwe.”

Desemba. Mwezi ambao kila Jumamosi mke wangu ana harusi, na Jumamosi nyingine mbili. Watu hawa wa kwetu wanangoja jamaa wote wapate likizo ndipo waoane, na jamaa wa fundi nao wanangoja Desemba hiyo hiyo wamwone.

Ningeweza kunyamaza. Lakini gari ni langu na keki ni zake, kwa hivyo nikamweleza yote, figo, simu na basi la Desemba. Nilitegemea aseme hapana, tumalize. Akafikiria, akasema, “Basi twende nilione mwenyewe. Na keki. Kama keki itabomoka, hiyo habari ya fundi hatuna haja ya kuijadili.”

Akaoka keki ya majaribio, ghorofa tatu, bila mapambo lakini na uzito wake kamili. Tukafika kwa mwenye gari, mzee mstaafu wa kiwanda kimoja cha pale, na mke wake, shosho mchangamfu aliyekuwa akilisha kuku. Mke wangu akateremka ameibeba keki kwa mikono miwili.

“Ngai!” akasema shosho. “Hawa ni wageni wa aina gani leo!”

Kabla hatujafungua mdomo alikuwa ameipokea, ameingia nayo ndani, na tukasikia sufuria ya chai ikiwekwa motoni. Mke wangu akanitazama. Mimi nikatazama kuku. Ungesema nini? Samahani shosho, rudisha, hiyo ilikuwa ya kujaribia gari? Umeingia kwa boma la watu na keki mkononi, hiyo keki ni yao. Mzee akaomba, akashukuru Mungu kwa wanunuzi wenye adabu, na kisu kikaingia ghorofa ya juu. Nilikula vipande viwili ili hasara isiwe yote ya upande mmoja.

Tulipoinuka, shosho hakukubali sinia irudi tupu. Akaipanga trei ya mayai juu yake, mayai thelathini ya kuku wake. Mke wangu akayatazama yale mayai, akanitazama, na nikajua tumefikiria kitu kimoja.

Mzee akatupatia ufunguo, yeye akabaki na kipande chake cha tatu. Tuliweka trei nyuma, mahali keki ingekaa, mke wangu akaketi kando yake bila kuishika. Nikalipitisha kwenye matuta, nikalipeleka kwenye njia ya udongo nyuma ya mashamba, ambako mvua ya juzi ilikuwa imeacha tope la rangi ya kakao. Hapo nikavuta ile gia ndogo ya pili, magurudumu yote manne yakashika, na gari likapanda kilima kama mtu anayepanda ngazi za kwake. Sikuwa nimejua kwamba mtu wa umri wangu anaweza kupiga kelele ndani ya gari bila ajali. Nilimwangalia mke wangu kwenye kioo. Alikuwa anacheka akiwa amefunga mdomo.

Tuliporudi alikuwa ameshakagua trei. “Mawili yamepata ufa,” akasema. “Na hapo ulikuwa unaendesha kama kijana. Kwa keki ungeendesha kama mtu.”

Nikajua amekubali. Bahati mbaya mzee pia alijua, kwa hivyo ilibidi nifanye kazi.

“Mzee, figo za gari zimechoka.”

“Hata zangu.”

“Zako sizinunui.”

Alicheka mpaka makombo yakamtoka. “Haya. Kwa sababu ya keki, natoa elfu ishirini.”

“Keki ilikuwa ghorofa tatu, mzee. Toa ishirini kwa kila ghorofa.”

“Ai! Huyu mtu!” akasema shosho kutoka jikoni. “Mpe, alikula kama mtu wa nyumbani.”

Mzee akatoa sitini. Ishirini za mwisho zilitoka kwa figo, na zilichukua chai nyingine.

Stesheni wagon ilinunuliwa na yule fundi wa Ruiru, laki nne na themanini elfu, siku ile ile niliyosema inauzwa. Hakubishana, na hakuhitaji kumpigia mtu simu. Tofauti iliyobaki niliitoa kwenye akiba ya yadi. Mke wangu alisimama langoni akiitazama ikiondoka, kisha akaenda kupima urefu wa sehemu ya nyuma ya kijani kwa futi ya kushonea.

Figo mpya iliwekwa. Mvua za mwaka huu zilitukuta tukipanda makanisa ambayo wenzetu walikuwa wanabebea keki kwa toroli, na simu za kuagiza zikaanza kutoka huko juu: mama keki yule anayefika.  Niliposikia hivyo nilitoka nje nikalitazama gari.

Kisha ikaja Jumamosi ya Witeithie. Tulikuwa tunaenda kanisa moja mbele ya Thika, ghorofa nne na nguzo, foleni ndefu barabarani na jua kali, nikaona mshale wa joto unapanda. Nikatoka barabarani taratibu, nikaegesha mbele ya duka la vyakula vya kuku.  Mke wangu alitazama saa, akatazama keki, akatazama mbele. Ningependa angesema kitu.

Nikampigia fundi wa Landless.

“Zima. Usifungue kifuniko,” akasema. “Lile feni la mbele lilikuwa linazunguka?”

“Halizunguki.”

“Hiyo si figo. Ni fyuzi. Fungua kasanduku kando ya betri. Ile ya taa za ukungu itoe, uweke kwa feni. Ukungu hauna kazi saa hii.”

Niliitoa, nikaiweka, nikawasha. Feni likalia. Mshale ukashuka kidogo kidogo, kama mzee anayeshuka bei. Tulifika kabla ya bibi harusi, na keki ilikuwa na ufa mmoja wa sukari ambao mke wangu aliufunika kwa ua.

Njiani tukirudi nikajikaza nikauliza, “Sasa hiyo tunahesabu?”

“Haikunilaza,” akasema. “Imenisimamisha. Hiyo sihesabu.” Tukaenda kidogo. “Lakini Desemba utampigia nani?”

Hapo ndipo tulipo sasa. Gari silitilii shaka. Nimezijua sauti zake, nabeba fyuzi za akiba mfukoni kama peremende, na wakinipa bei ya kwanza ya mzee leo sitaliuza. Lakini fundi ameshakata tiketi ya basi. Anasema nimpigie tu huko kwao, ila mtandao hushika akiwa sokoni, na soko lao ni siku ya Jumatano. Harusi ni Jumamosi. Nimemwahidi keki ya kwenda nayo nyumbani kama atasogeza safari mpaka karibu na Krismasi. Amesema mama yake hali sukari. Na fundi wa Ruiru, kwa roho yake nzuri, amejitolea kutukodisha stesheni wagon Desemba nzima, elfu tatu kila Jumamosi, mafuta juu yangu. Gari langu mwenyewe! Mke wangu anasema hiyo si ghali ukilinganisha na jina lake, na nimeihesabu mara mbili, na mara zote mbili ana haki. Bado sijamjibu huyo wa Ruiru, kwa sababu kuna jibu moja sijalitafuta.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii, kama una gari la milima la aina hii na liko barabarani Desemba, nishauri: nani hulitazama? Kama kati ya Thika na Ruiru kuna fundi wa pili, wa kweli, asiyempigia yule wa Landless, na ambaye kwao ni hapa hapa, niambie kabla harusi hazijaanza. Na unapomtaja, taja na bei yake. Ya mwisho, tafadhali.